Tovuti zinazofungia rilei za nyumbani zinamlenga nani?

Watu wanaoendesha majumbani mwao rilei za Tor, yaani kompyuta za kujitolea zinazopitisha data ya watumiaji wa mtandao huo wa kuficha utambulisho, wamekuwa wakilalamika kwa muda sasa kwamba tovuti za kawaida kabisa zinawakataa: benki, duka la mtandaoni, kampuni ya ndege, pengine hata ofisi ya umma. Hawapitii Tor kuzifungua tovuti hizo. Wanatumia kivinjari kile kile atumiacho kila mtu, kwa laini ya faiba wanayoilipia kila mwezi, ila anwani ya IP ya nyumba yao, ile namba inayoitambulisha laini mtandaoni, imeonekana kwenye orodha ya rilei, na hilo limetosha. Hapa Mombasa jambo hili hupokewa kwa namna mbili. Kuna wanaosema wamejitakia wenyewe, kwani nani kawatuma? Na kuna wanaosema huo ni ugomvi wa mafundi wa kompyuta, haumhusu muuza mitumba wa Kongowea. Kwa maoni yangu wote wamekosea. Kuifungia anwani ya rilei isiyokuwa ya kutokea, yaani isiyogusa tovuti yoyote, hakumpunguzii mwenye tovuti hata shambulio moja, na hasara yake huwaangukia watu ambao hata hawajui Tor ni nini. Jambo hili limepewa jina la usalama, lakini ukilichambua utakuta ni uvivu wa kusoma orodha.

Turudi nyuma kidogo, maana Tor huzungumzwa sana na wasioijua. Wazo lake lilianzia katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990. Programu yenyewe ilitolewa bure kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilo la faida, Tor Project. Mtumiaji anapofungua tovuti, data yake hufungwa kwa tabaka za usimbaji fiche na kupitishwa kwenye kompyuta tatu za watu wanaojitolea. Hizo ndizo rilei. Ya kwanza, ya mlangoni, inajua data imetoka kwa nani lakini haijui inakwenda wapi. Ya pili, ya kati, haijui mwanzo wala mwisho. Ya tatu, ya kutokea, ndiyo pekee inayogusa tovuti, kwa hiyo tovuti huiona anwani ya hiyo ya tatu na kudhani ndiyo ya mgeni wake. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wote, na ndipo wengi wanapopitia mbio. Rilei ya mlangoni huzungumza na watumiaji wa Tor na rilei nyingine tu, na ya kati na rilei nyingine tu. Mwenye rilei akiwa ameandika katika usanidi wake kwamba haruhusu kutokea, basi hakuna mhalifu popote duniani awezaye kupitia rilei hiyo kuingia kwenye tovuti ya benki. Haiwezekani, kwa jinsi mfumo ulivyoundwa. Ombi lolote linaloifikia benki kutoka anwani hiyo halikupitia rilei: limetoka kwenye vifaa vya mwenye nyumba, mkewe, wanawe au mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi.

Na hakuna haja ya kubahatisha rilei ipi ni ipi. Tor haifichi rilei zake za kawaida. Seva chache za usimamizi hupiga kura kila saa na kuchapisha orodha yake nzima, kila rilei na alama zake: hii ni ya mlangoni, hii ni ya kutokea, hii ni ya kasi. Tor Project hutoa pia orodha ya pekee ya anwani za kutokea, kwa makusudi, ili mwenye tovuti anayetaka kuwazuia watumiaji wa Tor awazuie bila kumgusa mwingine. Kuna rilei ambazo data hutokea kwa anwani tofauti na ile iliyotangazwa, na hilo nalo limeshafikiriwa: zipo programu za kuzipima rilei za kutokea na kuangalia zinatokea kwa anwani gani hasa. Kwa hiyo fundi wa tovuti ana orodha mbili mbele yake. Moja ina anwani ambazo zinaweza kumletea mgeni asiyejulikana. Nyingine ni kubwa zaidi na ina kila aliyejitolea, na walio wengi humo si wa kutokea. Wanaokusanya orodha za kuzuia na kuziuza huipenda ile kubwa, kwani orodha ndefu huonekana ina kazi zaidi. Mnunuzi naye haulizi. Anabandika, anakwenda kunywa chai.

Sasa tuseme kuhusu Mombasa, kwa sababu hasara ya jambo hili hapa kwetu haifanani na ya mji wa Ujerumani ambako kila nyumba ina laini yake. Namjua kijana mmoja wa Tudor aliyeweka kompyuta ndogo, ya ukubwa wa pakiti ya sigara, pembeni ya ruta chini ya televisheni. Rilei ya kati, basi. Siku mamake alipotaka kukata tiketi ya ndege kwenda kumwona dada yake, ukurasa ulimrudishia maandishi ya Kiingereza kwamba ufikiaji umekataliwa, na chini yake mfululizo wa tarakimu usiomwambia mtu kitu. Akazima Wi-Fi, akatumia bando la simu, ukurasa ukafunguka. "Hebu niambie mwanangu, ni hiki kidude chako ndicho kinachonifungia?" Kijana akamjibu kwamba ndicho, na sicho. Jibu la kifundi, lakini ni sahihi.

Mama yule ana simu na ana hela ya bando. Tuangalie wasiokuwa nayo. Katika nyumba za Kiswahili za Majengo au Mji wa Kale, vyumba sita vyenye ukumbi mmoja wa kupita katikati, ni kawaida wapangaji kuchangia laini moja. Huko Kisauni na Likoni wapo wanaolipia faiba moja na kuwagawia majirani kwa malipo ya siku. Kama kampuni zinaruhusu au haziruhusu, hilo ni suala jingine. Anwani moja ya IP hapo si ya mtu mmoja. Ikifungwa, aliyefungiwa ni mwanafunzi wa chumba cha tatu anayetafuta nafasi ya chuo, ambaye huyo mwenye rilei hata hamjui jina. Kisha kuna suala la anwani zinazohama. Kampuni nyingi za intaneti hazimpi mteja wa nyumbani anwani ya kudumu. Ruta ikizimwa na kuwashwa, huenda ikapata nyingine. Orodha ya Tor husasishwa kila saa, lakini orodha iliyonakiliwa na kuuzwa husasishwa muuzaji anapokumbuka. Kwa hiyo anwani iliyokuwa na rilei mwezi uliopita leo iko kwa familia nyingine Bamburi, nayo inarithi marufuku isiyoijua chanzo chake. Watampigia simu mtoa huduma, mtoa huduma atasema laini iko sawa, benki itasema tovuti iko sawa, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Wenye tovuti wana hoja zao, na nyingine ni nzito. Julai 2023 jukwaa la eCitizen lilishambuliwa kwa maombi bandia mengi kiasi cha kulemewa, wiki chache tu baada ya serikali kutangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana humo. Watu walikwama na viza, leseni, tiketi za treni. Fundi aliyekesha siku zile akitafuta pa kukata mirija hataki kusikia hadithi ya haki za anwani. Mashirika mengi ya humu nchini yana watu wawili au mmoja wa kulinda tovuti nzima, na kwao orodha iliyo tayari ni msaada. Isitoshe, uchafu unaopitia Tor si uzushi. Machi 2016 mkuu wa Cloudflare, kampuni ya kulinda tovuti, Matthew Prince, aliandika kwamba asilimia 94 ya maombi waliyoyaona kutoka Tor yalikuwa mabaya kwa asili yake. Tor Project waliipinga hesabu hiyo, hasa namna ilivyopatikana, lakini hata ukiipunguza kwa nusu bado ni tatizo la kweli: wanaojaribu nywila zilizoibwa, wanaopima kadi za benki, wanaomwaga matangazo. Sioni ubaya mwenye duka la mtandaoni kuziwekea masharti rilei za kutokea. Wikipedia hufanya hivyo tangu zamani, na kwa ustaarabu: anayekuja kupitia rilei ya kutokea anaruhusiwa kusoma kila kitu, ila kuhariri hawezi. Wametenganisha kusoma na kuandika, na wametenganisha rilei za kutokea na nyingine zote. Kazi hiyo inafanywa na programu, si na jeshi la mafundi.

Ukitoka hapo, hoja zinazobaki ni dhaifu. Ya kwanza ni hiyo ya shambulio la kulemeza tovuti. Tor haifai kwa kazi hiyo. Hubeba mawasiliano ya TCP pekee, aina moja tu ya mawasiliano ya intaneti, hairuhusu yale mafuriko ya pakiti za aina nyingine yanayotumiwa kuangusha seva, na mwendo wake ni wa polepole ukilinganisha na seva za kukodi. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walipowafungulia kesi ndugu wawili wa Sudan kwa kuendesha Anonymous Sudan, kundi lililodai kuishambulia eCitizen, walieleza chombo chao kilivyofanya kazi: seva za kukodi pamoja na proksi, yaani seva za kupitishia maombi ya wengine, zilizoachwa wazi mtandaoni. Kuifungia rilei ya kati ya Tudor kwa hofu ya jambo kama hilo ni kufunga mlango ambao mwizi hakupita na hawezi kupita.

Hoja ya pili husema rilei ya kati leo yaweza kugeuzwa ya kutokea kesho, kwa kubadilisha mstari mmoja tu. Ni kweli. Lakini ikigeuzwa, mabadiliko hayo hayo huchapishwa katika orodha ya umma, na anayetumia orodha ya kutokea inayosasishwa atayapata siku hiyo hiyo. Anayeitumia hoja hii anakiri, bila kujua, kwamba orodha yake haisasishwi. Na ya tatu, iliyo dhaifu kuliko zote na inayosikika kuliko zote, ni kwamba mtu mwema hana haja ya kujificha. Mwenye rilei hajajificha. Ametangaza anwani yake ya IP kwa dunia nzima, akaongeza kasi ya laini yake na, mara nyingi, barua pepe ya kumlalamikia. Anayetaka kujificha asingefanya hivyo hata kidogo.

Wanaojificha wako kwingine, na hapa ndipo sera hii inapokuwa kichekesho. Mhalifu wa leo anayetaka kuonekana mteja wa kawaida hatumii Tor, kwa sababu anajua Tor inatambulika papo hapo. Anakodi anwani za majumbani. Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, vingi vikiwa visanduku vya televisheni vya Android visivyo na cheti, baadhi vikiwa na programu hiyo ovu hata kabla ya kufika kwa mnunuzi. Google walipofungua kesi mwezi uliofuata walitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Kifaa cha namna hiyo kikiwa sebuleni, laini ya nyumba hugeuka njia ya kupitishia ulaghai wa mtu asiyejulikana, na anwani yake haimo kwenye orodha yoyote ya wazi. Kwa hiyo linganisha nyumba mbili za mtaa mmoja. Ya kwanza ina rilei ya kati iliyotangazwa, isiyoweza kumfikisha mgeni kwenye tovuti. Ya pili ina kisanduku cha bei rahisi kinachomfikisha mgeni kwenye tovuti usiku kucha. Inayofungiwa ni ya kwanza.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, nayo hutolewa na watu wa Tor wenyewe: basi usiendeshe rilei nyumbani, kodisha seva mahali. Kwa rilei ya kutokea nakubali kabisa. Aprili 2017 mwalimu wa hisabati wa Moscow alikamatwa kwa maandishi yaliyotokea kwenye anwani ya nyumbani kwake, ambako alikuwa na rilei ya kutokea. Mashtaka yalikuja kufutwa mwaka uliofuata, lakini miezi hiyo hakuna aliyemrudishia. Kwa rilei za kati ushauri huo una bei yake. Sehemu kubwa ya uwezo wa Tor imerundikana katika nchi chache, Ujerumani, Uholanzi, Marekani, na ndani ya nchi hizo katika kampuni chache za kukodisha seva. Usiri wa mtumiaji hutegemea kwamba hakuna mtu mmoja anayeona mwanzo na mwisho wa njia; rilei zikirundikana mahali pamoja, kazi ya kuchungulia inakuwa nyepesi. Afrika ina rilei chache sana. Mombasa, kwa upande wake, ndipo nyaya za baharini zinapotia nanga: TEAMS ilifikishwa hapa Fort Jesus mwaka 2009, SEACOM ikaja mwaka huo huo, EASSy 2010, na nyingine zimefuata. Tor Project wanaomba angalau Mbps 10 za kupakua na kupakia kwa rilei ya kawaida, kiasi ambacho vifurushi vya faiba vya nyumbani vinakifikia. Kila tovuti inayomfungia mwenye rilei inamsukuma aihamishie rilei yake Ujerumani, au aizime.

Na si faida ya kufikirika. Kenya yenyewe ilishuhudia Telegram ikikwama msimu wa mitihani ya KCSE mwaka 2023, kisha ikazuiwa tena Novemba 2024. Familia nyingi za pwani zina jamaa pande zote mbili za mpaka wa Lunga Lunga, na wa Tanga waliona X ikifungwa Mei 2025, kabla ya intaneti kukatwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba. Nisitie chumvi: waya ukikatwa kabisa, Tor haikusaidii kitu. Lakini tovuti moja ikizuiwa huku intaneti ikiendelea, ndiyo kazi yake, na uwezo huo unatoka kwa watu hawa hawa tunaowaambia wamejitakia. Yupo atakayesema waendeshe madaraja, yaani rilei ambazo anwani zake hazichapishwi, na hivyo haziingii kwenye orodha za kuzuia. Ni ushauri mzuri kwa anayeishi na familia, nami ningemshauri hivyo. Ila daraja hufanya kazi ya mlangoni tu. Njia bado inahitaji rilei za kati zilizo wazi, na sera inayomwadhibu aliye wazi na kumwacha aliyefichika inafundisha watu tabia mbaya.

Ninatenganisha hapa duka binafsi na ofisi ya umma. Mwenye duka ana hiari ya kumkataa mteja kwa sababu za kipuuzi. Hasara ni yake. Ofisi ya umma haina hiari hiyo. Huduma ikishahamishiwa mtandaoni, na makaunta yakapunguzwa, anwani ya IP inageuka mlango wa kuifikia serikali. Fikiria mtu aliyefungiwa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi: faini haitauliza kama ukurasa ulifunguka. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakihesabu kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na sehemu yake ya 35 inampa haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. "Ufikiaji umekataliwa" pamoja na mfululizo wa tarakimu si sababu. Sijui ni wakili gani angesimama mahakamani na kuuita hivyo bila kuona haya.

Marekebisho yenyewe hayahitaji bajeti. Fundi achukue orodha ya kutokea badala ya orodha nzima, aisasishe kila siku, marufuku iishe yenyewe baada ya muda badala ya kukaa milele, na ukurasa wa kukataa uwe na anwani ya kulalamika inayojibiwa na mtu. Akiona lazima amtilie mtu shaka, ampe kapcha; wengi wetu tumeshazoea kuchagua picha za taa za barabarani. Anayenunua orodha kutoka nje amuulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: je, humu mna rilei zisizo za kutokea? Jibu likiwa ndiyo, aombe toleo jingine au aende kwa mwingine.

Kwa ofisi za umma nisingengoja hisani. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya mwananchi yeyote, na sheria inaitaka iyamalize ndani ya siku 90. Mtu wa pwani aliyefungiwa, mwenye rilei au jirani yake aliyerithi anwani, apige picha ya ukurasa uliomkataa, aandike tarehe na saa, awasilishe. Ofisi husika italazimika kueleza orodha hiyo ilitungwa na nani, ilinunuliwa kwa nani, na mara ya mwisho ilisasishwa lini. Sidhani kama wengi wao wana majibu.